Foleni ya Wagonjwa Uani Kwangu

Kosa hili ni langu mwenyewe. Mjukuu wangu Tumaini, anayesomea udaktari mwaka wa pili, alirudi hapa Iyula akiwa amechoka akili, hata usingizi hapati. Chuoni walimwambia apumzike wiki mbili, asiguse hata daftari. Mimi, kwa majivuno ya uzee, nikasimama kanisani wakati wa matangazo nikasema daktari wetu amefika.

Jumatatu asubuhi ua ulijaa wagonjwa. Mama mmoja alileta na mbuzi anayekohoa. Nikamgongea Tumaini mlango.

Akatoka, akawatazama, akasema taratibu, “Shikamooni. Mimi bado mwanafunzi, na sasa hivi mgonjwa ni mimi. Nimekuja kupumzika. Babu anajua.”

Wote wakanigeukia.

“Mzee wa kanisa,” akauliza mwenye mbuzi, “kumbe ulijua?”

Nilijua.