Mahindi Juu ya Mafiga

Jikoni kwa mama, kijijini upande wa Ipole, mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya mafiga, yamefungwa kwa maganda yao, meusi kwa moshi. Fukusi hawakuyagusa, wala sisi watoto. Marehemu bibi, mzaa mama, alimpa mama mbegu ile siku alipoolewa, na kila mavuno mama alichagua mahindi manene akayatundika upya.

Alipanda kwa kuangalia miti. Miyombo ikichipua majani mekundu mwishoni mwa kiangazi, alijua mvua iko njiani, akafukia mbegu kwenye matuta makavu na kusubiri. Utotoni sikuona miti ikimwangusha. Siku hizi inachipua vilevile, mvua inakuja kututania kidogo, kisha jua linawaka. Naichukia ile miti, Mungu anisamehe.

Msimu uliopita mama alipanda, mahindi yakanyauka yakiwa bado machanga. Akarudia, yakanyauka tena. Juu ya mafiga yakabaki machache. Nikatoka mjini na mfuko wa mbegu ya mtama wa muda mfupi, unaokomaa kabla jua halijauwahi.

"Shikamoo mama. Shambani panda huu. Hayo yaliyobaki yaache hukohuko juu."

"Marahaba. Yaani mama yangu akae juu kwenye moshi, mgeni ndiye aingie shambani?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mtama ukapewa shamba, na mahindi ya bibi yakapewa kipande nyuma ya jiko. Mama aliyamwagilia maji ya kuoshea vyombo, akiyasemesha Kinyamwezi. Yalirefuka, yakatoa mbelewele, nami nikaanza kujipa moyo. Joto likaja wakati huohuo wa kubeba punje.

Mtama ulikubali. Tulivuna, tukala ugali wake, na njaa haikuingia kwetu. Ilinipasa kufurahi. Lakini nyuma ya jiko tulipata magunzi matupu na hindi moja lenye punje chache, zimesinyaa, hazifai kupandwa. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Hata hivyo alilifunga kwa maganda yake, akapanda juu ya kigoda, akalitundika pale pale.

Akakaa, akajifuta masizi mikononi.

"Nikifika kwa mama yangu huko," akasema, "nimwambie nimekuja na mtama?"

Nikasukuma kuni mafigani, ili moshi ulifikie lile hindi.