Siku Tuliyokificha Chuo

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani upande wa Msambweni, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Chuo chenyewe kilikuwa baraza ya nyumba yetu. Watoto walikaa juu ya jamvi na mbao zao, wakaandika kwa wino wa masizi, wakasoma kwa sauti mpaka adhuhuri. Mshahara haukuwapo. Mzazi alileta alichojaaliwa, mchele au samaki, na kila mtoto alikuja na ukuni wake. Tangu mume wangu atutoke, kinachonirudia zaidi ni siku walipokuja watu wa hesabu.

Habari ilitufikia kutoka Ukunda kwamba gari la serikali linapita kijiji kwa kijiji. Linauliza nani anajua kusoma, nani anafanya kazi gani, nani hana kazi. Majibu, tuliambiwa, yatapelekwa ng'ambo yawekwe pamoja na ya nchi nyingine, ionekane ipi iko mbele na ipi iko nyuma. Hatukuliamini hilo. Nani huko ng'ambo alikuwa na haja ya kujua kama mume wangu anafundisha alifu? Sisi tulijua kodi ya kichwa, tulijua kipande, kile cheti cha kutembea nacho, na tulisikia huko bara watu walivyokuwa wakizolewa kwa malori. Kwetu, mtu aliyeandikwa alikuwa ameshikwa tayari.

Jirani yetu mkata makuti, ambaye watoto wake wote walisoma kwetu, ndiye aliyewakusanya wazee wa mtaa. Alisema chuo kikijulikana kitatakiwa kibali, na kibali kisipopatikana kitafungwa. Wakakubaliana kwamba chuo hakipo. Watoto watapelekwa bondeni kuamia, kufukuza ndege kwenye mpunga, mbao zitapandishwa darini, na mwalimu atasema yeye ni mkulima. Mume wangu hakupenda, lakini chuo ndicho kilichokuwa maisha yake, na waliosema ni wazazi wa wanafunzi wake. Mimi nililikunja jamvi.

Aliyeshuka garini alikuwa kijana wa Mombasa. Mzungu wake alibaki ndani akifuta miwani. Nilisikiliza nyuma ya mlango, na adabu ya yule kijana ilinitia shaka kuliko kama angekuja na ukali. Aliamkia shikamoo, akakataa kiti mpaka alipobembelezwa, akauliza hali ya mavuno. Nikajiambia, huyu ametumwa kwa sababu ya ulimi wake.

Aliuliza kazi, akajibiwa ukulima. Aliuliza watoto wa mtaa wanasoma wapi, akajibiwa hawasomi. Kisha akaeleza kwamba hatafuti Kizungu wala shule ya serikali. Mtu akiweza kusoma barua na kuijibu, kwa lugha yoyote, kwa herufi zozote, hata za Kiarabu, huyo katika hesabu yao ni mwenye kujua kusoma.

"Basi wewe, mzee wangu, unajua kusoma?"

Jirani yetu, aliyekuwa amesimama pale pale, akakohoa.

"Sijui," mume wangu akasema.

Gari likaondoka kuelekea Majoreni. Jirani akampiga begani. "Mkulima mzima! Na jembe unalishika kama kalamu." Watu wakacheka. Mume wangu aliingia ndani, akatawadha, kisha akakaa juu ya msala bila kuswali. Nilipomwuliza kulikoni, alisema, "Nimesema sijui kusoma. Kesho nitawafungulia watoto msahafu kwa uso gani?"

Nilimwambia ni neno tu, limekwenda na gari. Akavaa kofia yake, akalifuata lile gari kwa miguu.

Alilikuta kijiji cha mbele. Aliporudi alinieleza kwamba amemwambia yule kijana ukweli, kuwa yeye ni mwalimu, anasoma na kuandika, na watoto wa mtaa ni wanafunzi wake. Kijana alifuta, akaandika upya, akamshukuru. Mume wangu aliamini kwamba ameandikwa sawasawa. Mimi mpaka leo sina hakika.

Kesho yake, habari ikiwa imeshaenea mtaani, alitandika jamvi, na watoto hawakuja. Jirani alipopita na panga lake, mume wangu akamwuliza kulikoni.

"Wako mpungani, mwalimu," akasema. "Si umeshatuandikisha? Wakija kutafuta wanafunzi, wasiwakute wangu."

Mpunga ulivunwa, na watoto hawakuletwa. Walipelekwa chuo cha mbali, kwa mwalimu ambaye hakuwa amewaambia neno watu wa hesabu. Kutoka serikalini hakuja mtu. Hatukuulizwa kibali, wala hatukusikia nchi yetu imewekwa wapi. Lakini waliokuwa wakimwogopa mgeni sasa walimwogopa mume wangu, na akipita walikatiza mazungumzo. Mimi nami nikawa simwamini anayenisalimia, nikijiuliza ataipeleka wapi salamu yangu.

Hakuacha kutandika jamvi. Asubuhi moja, nikipepeta mchele, aliniita nikae. Mimi niliozwa mapema, sura nilizozijua zilikuwa chache. Akaweka ubao mbele yangu, akanianzisha kama anavyoanzishwa mtoto. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walituona, wakageuza nyuso. Nilisoma naye mpaka nikahitimu, na siku alipofariki nilimsomea msahafu mimi, chumbani, kabla wanaume hawajaingia kumbeba.