Kuvu ya Mama Mkwe

Mimi nilioa wakati wa vita, na nilioa kwa kuvu. Watu wa Kalemie wakisikia hivyo wananicheka. Wacheke tu, mke ninaye.

Siku zile treni ya Kabalo haikuwa ikifika, ng'ombe wa kutoka milima ya Pepa tulikuwa tunawasikia kwa jina, na unga ukionekana sokoni watu wanakanyagana. Mimi nilikuwa nimesomea kilimo, sina kazi, nina shati moja la maana na maneno mengi. Nikaenda kuposa. Papa wa binti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha shamba nyuma ya nyumba.

"Mutoto wangu simutoi kwa muntu atakayemulaza njaa. Shamba njo lile. Litoe mahindi, kisha tuongee."

Aka! Shamba lenyewe lilijaa yale magugu ya maua mekundu ambayo wenzetu wa Kigoma wanayaita kiduha. Yananyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini, mahindi yanakauka yangali mafupi. Papa alijua. Alikuwa ananifukuza kwa adabu.

Lakini mimi si mtu wa kufukuzwa hivyo! Nikazunguka mashamba ya watu hadi nikapata kiduha kinachoumwa, kimenyauka, shina jeusi. Shuleni tulifundishwa kwamba iko kuvu inayoua kiduha na kuyaacha mahindi salama. Unaikuza kwenye nafaka iliyopikwa, halafu unaifukia pamoja na mbegu. Nikamwomba mchumba wangu sufuria na wali kidogo, nikachanganya na vipande vya yale mashina, naye akaificha jikoni kwao. Wali ukaota manyoya meupe. Nilikuwa nikichungulia kwa furaha kama baba wa mapacha.

Asubuhi ya kupanda, mama yake akaikuta. Wali umeozeshwa, wakati wa njaa, tena ndani ya sufuria yake! Akaumwaga wote kwenye kona ya shamba, karibu na mpapai, akaufukia kwa jembe majirani wasione, akasugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa.

Nilipoiona inang'aa, nilikaa chini. Nilitaka kulia, nilitaka kugombana. Nigombane na nani? Katika jamaa yao, kabla ya ndoa, mposaji na mama wa binti hawasemeshani. Ukiwa na neno unakiambia kitu kingine, naye anasikia. Mama alikuwa amemgeukia kuku.

"We kuku, muulize huyu bwana: kwao wali unaozeshwa watu wakiwa na njaa?"

"Kuku," nikasema, "mwambie Mama ile ilikuwa dawa ya shamba. Mke wangu njo alikuwa ndani ya ile sufuria."

Kuku akaenda zake.

Nikapanda hivyo hivyo kwa hasira, shamba lote, hata ile kona. Mvua ikanyesha, mahindi yakaota, na kiduha nacho kikaja na maua yake. Mahindi yakaanza kunyauka. Kwa aibu nikaacha hata kupita njia ya kwao.

Siku moja mchumba wangu akanifuata mbio. "Njoo uone!"

Weee! Pale kwenye mpapai mahindi yalikuwa yamesimama marefu, kila bua limebeba mawili, na ua jekundu hata moja hakuna. Nilipiga kelele, nikaukumbatia ule mpapai, mchumba wangu akacheka mpaka akashika mbavu.

Papa akaja. Akaitazama kona, akalitazama shamba lililokufa.

"Hii ni kona," akasema. "Mimi nilisema shamba."

Hapo Mama akatoka jikoni na ile sufuria, imefunikwa kwa jani la mgomba. Akaiweka chini mbele yetu, akafunua. Wali, umeota manyoya meupe, umejaa hadi juu. Alikuwa amemhoji binti yake, akang'oa vile viduha vilivyonyauka pembeni ya kona na kuvichanganya na wali wake mwenyewe, ule ambao nyumbani walidhani anaula.

Akamtafuta kuku kwa macho. Kuku alikuwa mbali huko, anaparua mchanga.

Basi akanitazama mimi, usoni.

"Mukwe wangu," akasema, "hii itatosha shamba lote?"