Bati Lililowasha Taa

Kefa Mkumbo aliujua umeme kabla hajaujua mji. Alizaliwa Ulemo, kwa wazazi waliolima uwele na mtama, na alipopata ujana akaenda Shinyanga kutafuta kazi kwenye mgodi wa almasi. Huko alipewa kazi ya kumbebea ngazi fundi mmoja wa umeme aliyeitwa Zefania Ntandu, Mnyaturu wa Ihanja, mtu mrefu, mkavu wa maneno. Kefa alibeba ngazi ile mwaka mzima. Mwaka wa pili akashikishwa bisibisi, na wa tatu akaachiwa nyaya zenyewe. Kila alipotaka kugusa waya kabla ya kuupima, Zefania alimzaba kofi mkononi.

"Umeme hauna salamu," alikuwa akimwambia. "Haukuulizi u mtoto wa nani."

Kufika mwaka 1970 wote wawili walikuwa wamerudi nyumbani. Kefa aliajiriwa Singida mjini kuwa fundi wa matengenezo ya nyumba za watumishi. Vitasa vikilegea, bomba likivuja, kioo kikipasuka, aliitwa yeye. Zefania naye alichukuliwa na mkandarasi mmoja mgeni, aliyekuja na malori yake kujenga nyumba mpya kumi na mbili kando ya Ziwa Kindai. Kazi ya umeme yote ilikuwa mikononi mwa Zefania.

Nyumba zile zilikuwa fahari ya mji. Kuta nyeupe, milango ya buluu, paa la bati jipya, na kila nyumba mfereji wa bati unaoteremsha maji ya mvua kwenye pipa. Watu walipita Jumapili wakitoka kanisani, na wengine Ijumaa wakitoka msikitini, kwenda kuzitazama tu. Matunda ya Uhuru, walisema, haya hapa yanaonekana kwa macho.

Mkandarasi alitakiwa azikabidhi kabla ya Sikukuu ya Uhuru, maana mgeni mkubwa angekuja kuzifungua. Siku mbili kabla, msimamizi wa nyumba, Philipo Mughwai, alimwita Kefa.

"Ndugu Kefa, karatasi ya makabidhiano inataka sahihi ya fundi wa upande wetu. Pitia umeme, utie sahihi."

Kefa alikwenda na mkoba wake wa vifaa vya kupimia. Mlangoni pa nyumba ya kwanza alimkuta Zefania amesimama, mikono nyuma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikagua?"

Wakacheka. Kefa akaingia, akabonyeza swichi, taa ikawaka. Chumba cha pili, ikawaka. Alizunguka nyumba zote kumi na mbili akibonyeza na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na mkoba haukufunguliwa hata mara moja. Angeanzaje kumpima mtu aliyemfundisha kupima? Ingekuwa kama kumpekua baba mkwe mifukoni. Akatia sahihi juu ya pipa la maji, mgeni mkubwa akaja, ngoma zikapigwa, familia zikahamia.

Mwezi wa kwanza mvua zikashika. Esta, aliyekaa namba sita, alimwambia Kefa siku moja kwa kicheko kwamba mfereji wa jirani yake unauma.

"Unauma vipi, mama?"

"Ukiugusa na mkono mbichi, unakutekenya mpaka kwenye kiwiko. Watoto wameufanya mchezo."

Kefa alisema atakuja kuangalia. Lakini wiki ile bomba kuu la hospitali lilipasuka, na jambo la mfereji likamtoka kichwani.

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, alikuwa namba nne akibadilisha kitasa. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, jua limetoka, na Dorika wa namba tano, nesi wa wazazi, alikuwa akisubiri zamu ya jioni, anaanika nguo. Wengi mle walianika juu ya waya wa chuma, ncha moja imefungwa kwenye kishikio cha mfereji, nyingine kwenye mti. Kefa alimsikia akiimba pambio. Kisha wimbo ukakatika katikati ya neno.

Ukimya ule ndio uliomfanya ageuke. Dorika alikuwa amesimama peku kwenye tope, mkono wa kulia umeung'ang'ania waya, kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi bila sauti. Mwili wote ulikuwa unatetemeka kama chekeche la unga mikononi mwa mtu.

"Msimguse!" Kefa alipiga ukelele. "Umeme! Msimguse!"

Aliruka kizingiti, akaingia namba tano, akatafuta swichi kuu nyuma ya mlango. Kabla hajaifikia, Esta, aliyekuwa anatwanga, alikuja na mchi wake akaupiga ule waya kwa nguvu zote mpaka ukang'oka kwenye kishikio cha mfereji. Dorika akaanguka chali juu ya nguo zake alizozifua.

Alikuwa hai. Alipumua kwa kukoroma, macho yakitazama bila kuona, na kwenye kiganja chake nyama ilikuwa imeungua mstari mweupe kutoka kidole cha shahada hadi cha mwisho. Ilinuka. Wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi hospitali, mahali alipokuwa apokee watoto wa wenzake siku ile ile jioni.

Kefa hakufuatana nao. Alibaki akilitazama bati. Bati la nyumba, jipya, linalometameta, ndilo lililomnasa mtu. Alizima swichi kuu, akaweka ngazi, akapanda darini.

Alichokiona kule juu hakukiamini kwa macho, ikabidi akiguse. Msumari mmoja wa bati ulikuwa umepita katikati ya waya wa moto, ule unaobeba umeme. Hatua mbili mbele, nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja bila kisanduku cha kuzifunika, maungio yamefungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji na uzi wa katani. Karatasi ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Mbao za dari zilikuwa kavu, umbali wa kidole.

"Si yeye," alijisemea kwa sauti. "Hii si kazi ya Zefania."

Akashuka. Bado kulikuwa na waya wa kupeleka umeme ardhini, ule unaomwokoa mtu mambo mengine yote yakiharibika. Nje ya ukuta, fimbo yake ya shaba ilikuwa imechomoza kidogo juu ya udongo, safi, imefungwa waya vizuri. Fimbo ya namna ile huzama chini kuliko kimo cha mtoto, na kuing'oa huhitaji wanaume wawili na mtaimbo. Kefa aliishika kwa vidole akaivuta ili tu ajiridhishe.

Ikatoka yote, kama karanga kwenye mchanga uliolowa. Ilikuwa na urefu wa futi moja, na upande wa chini ulikuwa na alama za meno ya msumeno.

Akaenda namba sita, akavuta, ikatoka. Namba saba, ikatoka. Namba nane. Alizunguka nyumba zote, huku wanawake wakimtazama kimya, na alipomaliza alikuwa na vipande kumi na viwili mkononi kama mzigo wa kuni. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya nyumba hizi. Kila usiku tangu Desemba watoto walikuwa wamelala chini ya mabati haya, na yeye alikuwa amesema kwa mkono wake kwamba ni salama.

Aliwaonya wote wasiguse bati wala mfereji, na kesho yake akapanda lori la magunia hadi Ihanja. Alimkuta Zefania shambani kwake, anapalilia mtama. Kefa hakusalimu. Hiyo peke yake ilimfanya mzee aliache jembe. Akaweka vipande viwili vya shaba chini, kati yao.

Zefania aliinama, akagusa ncha iliyokatwa.

"Nani?" aliuliza.

"Dorika. Nesi. Hajafa, ila mkono wake sijui."

Zefania alikaa chini palepale kwenye tuta.

"Nilihitaji fimbo kumi na mbili. Zikaletwa tatu," alisema. "Nikamwambia mkandarasi, akasema zinakuja. Sikukuu imebaki siku tano, akasema hakuna atakayefukua chini kuangalia, wewe fanya, utarudi kurekebisha. Nikazikata. Visanduku vya maungio navyo havikuja. Kule darini nilikuwa naunga giza linaingia, na waezekaji wanagongelea bati juu ya kichwa changu."

"Ulisema utarudi. Ulirudi?"

"Malori yaliondoka siku ya pili."

"Mimi nilikuwepo, fundi! Mjini, siku zote. Mbona hukuniambia?"

Zefania aliinua macho. "Ulikuja na mkoba. Nilisimama mlangoni nikiomba moyoni uufungue, na nikiomba usiufungue. Hukuufungua. Ukatia sahihi. Nikasema labda Mungu ameziba pengo."

Kefa alihisi kama amepigwa kofi mkononi kama zamani, ila hili lilimpata ndani. Akaokota vipande vyake, akarudi barabarani.

Mjini, Philipo alimsikiliza huku anafunga mlango wa ofisi.

"Rekebisha namba tano," alisema. "Moja tu. Hizi nyumba zimefunguliwa na mgeni mkubwa, picha zimepigwa. Unataka nikaseme nini?"

"Zote ni mbovu, Ndugu Philipo."

"Wengine hawajalalamika."

Kefa alitoka. Akaenda nyumba baada ya nyumba akapima mabati, akang'oa fyuzi zote, akazitia mkobani. Jioni mtaa mzima ulikuwa umemzunguka. Mwalimu Bonaventura wa namba mbili, aliyekuwa na redio kubwa na pasi ya umeme, alimjia juu.

"Nesi aliteleza kwenye waya wake, sisi inatuhusu nini? Kwangu sijaona hata cheche! Rudisha fyuzi!"

Philipo naye alikuwa amefika, amesimama pembeni. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Nitakurudishia, mwalimu," Kefa alisema. "Tazameni wote."

Akairudisha fyuzi ya namba mbili, akawasha swichi kuu. Kisha akatoa mkobani balbu kwenye kishikio chake, yenye nyaya mbili zinazoning'inia. Waya mmoja akaubana kwenye bomba la maji lililotoka ardhini. Wa pili akaufunga kwenye ncha ya fimbo kavu, akaunyanyua juu, akaugusisha kwenye bati la paa.

Balbu ikawaka, nyeupe, jua lingalipo.

Mke wa Bonaventura alijishika kifua. Binti yao mdogo alikuwa amesimama kando ya pipa, mkono umeelekea kwenye mfereji, na Bonaventura alimnyakua kwa mkono mmoja mpaka viatu vya mtoto vikabaki chini. Akamkumbatia hivyo, asimtazame mtu.

"Nilizipitisha mimi," Kefa alisema. "Sahihi ni yangu. Sikupima. Nilibonyeza swichi tu, nikaona taa."

Philipo alikwenda akaigusa balbu kwa kidole kama asiyeamini ina moto. Ilikuwa na moto. Usiku ule ule, wote walisikia baadaye, aliandika barua mkoani, na ndani yake hakuficha kitu.

Mtaa wa Kindai ulirudi kwenye taa za chemli miezi minne. Kefa alipewa barua ya onyo kali, na hakuipinga. Fimbo nzima zilipofika, siku ya pili ya kazi alimkuta Zefania ameketi kwenye ngazi ya namba moja, ametoka Ihanja kwa miguu yake, koleo la kukatia nyaya mapajani. Hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza. Walifanya kazi pamoja hadi nyumba ya mwisho, mmoja darini, mmoja chini, wakiongea ya nyaya tu. Maungio yote Zefania aliyoyafunga, Kefa aliyapima mbele yake, na mzee alisubiri mpaka apime.

Dorika alirudi kazini mwezi wa tano. Vidole viwili havikunyooka tena, akajifunza upya kupokea watoto kwa mkono wa kushoto. Kefa alipokwenda kumwambia kwamba nyumba yake sasa iko tayari, kwamba amepima mara tatu, alimkuta anakata mboga mlangoni.

"Asante, kaka Kefa," alisema kwa upole. "Lakini hiyo fyuzi yangu kaa nayo."

Alikaa nayo. Namba tano iliwaka chemli mpaka Dorika alipohamishiwa Mkalama, miaka mitatu baadaye, na Kefa kila mwezi alipita kumjazia mafuta ya taa.