Dakika Arobaini

Ukimwuliza yule mtunza kiwanja cha ndege kwamba kule ng'ambo ya milima ni mbali kiasi gani, hakutajii kilomita. "Dakika arobaini," atakwambia, huku anaendelea kufagia. Basi watu wakamwita Dakika Arobaini, jina alilopewa na babake likabaki kwenye kitambulisho. Cha kuchekesha, mwenyewe ndege hajaipanda hata siku moja. Anaiona inaondoka, anaandika saa, anapiga redio. Upande wa pili kuna kiwanja kama hiki, chumba kimoja na mfuko wa kuonyesha upepo juu ya mlingoti, na mtunzaji wake ni kaka yake wa tumbo moja. Miaka kumi na tisa kaka huyo ameutembea uwanja wake mwanzo hadi mwisho, akafukuza mbuzi, kisha akasema redioni, "Kweupe, mdogo wangu. Mlete." Bila neno hilo rubani haondoki.

Asubuhi hiyo redio ilijibu kwa sauti ya kike.

"Shemeji, ni mimi. Kaka yako tumbo limekaza kama ngoma. Daktari wa zahanati anasema akapasuliwe huko kwenu, leo hii."

"Limemwanza lini?"

"Leo siku ya tatu. Si unamjua, alisema ni gesi."

Rubani alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akakiweka chini. "Namfuata sasa hivi. Nipe hali ya uwanja tu."

"Shemeji, nenda ukautembee uwanja wote. Usikate kona."

Akaenda. Dakika Arobaini akafuta meza ambayo alikwisha kuifuta. Sauti iliporudi ilikuwa inahema.

"Mbuzi nimewafukuza. Lakini katikati pana maji, mvua ya juzi."

"Yanakufika wapi?"

"Nikisema kifundoni, mtakuja?"

"Sema kweli, shemeji."

"Nusu ya muundi."

Rubani akatikisa kichwa. Gurudumu la mbele likizama humo, ndege inapinduka na wote waliomo. Na mfereji wa kuyatoa maji yale huzibuliwa kwa jembe na mtu mmoja tu kila inaponyesha, naye ndiye huyo aliyelala.

"Majirani wameshika majembe," shemeji alisema. "Labda hadi jioni."

"Saa nane mawingu yanafunga milima," rubani akasema polepole. "Sina njia, ndugu yangu."

Kwa gari ni siku mbili, kuizunguka milima. Dakika Arobaini aliliwaza hilo, akainuka, akaketi tena. Akiondoka, nani atapokea redio maji yakikauka mapema? Akabaki ametazama saa ya ukutani. Saa tano. Saa sita. Kila alipoita, shemeji alijibu neno moja, "Bado." Nyuma yake yalisikika majembe, na mtu akiguna.

Saa nane ikapita, milima ikazibwa na mawingu meupe. Rubani akaenda kuifunga ndege kamba.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri safari tangu asubuhi, amekalia gunia lake la vitunguu, akasogea dirishani.

"Baba, samahani. Kwani huko tunakokwenda ni mbali sana?"

Dakika Arobaini alifungua mdomo kama alivyozoea. Akageuka kuitazama milima.

"Mbali, mama," alisema mwishowe. "Mbali mno."

Akaivuta redio karibu, akaita tena.