Ndege Ikipita, Mtaa Hunyamaza

Mtaa ule una adabu yake: ndege ikipita, watu hunyamaza. Hawapandishi sauti wala hawazibi masikio. Mtu anakata maneno katikati, anasubiri, kisha anaendelea palepale alipoachia. "Mwambie mama yako kwamba..." Kimya, nusu dakika nzima, mabati yanatetemeka. "...chumvi imeisha." Watu wametongozana hivyo, wametukanana hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Hata ndoa ya Mama Springi ilivunjika hivyohivyo. Ni fundi wa makochi, mwanamke wa maneno machache na makali. Mumewe alipofunga virago, alisimama mlangoni, akafungua mdomo kusema neno la mwisho, na ndege ya saa nne ikapita juu ya paa. Yule bwana alikuwa na haraka ya basi, hata adabu ya kungoja hakuwa nayo. Mpaka leo Mama Springi hajui kama aliagwa au alitukanwa. Yeye anaamini alitukanwa, na amemchukia ipasavyo.

Tangu hapo anaishi na baba yake, nyumba ya tatu kutoka kwenye uzio wa kiwanja cha ndege. Nyuma kuna vyumba viwili, mbele ndiyo karakana, sponji zimepangwa mpaka darini na vumbi la mbao limejaa kila mahali. Humo hushinda amepiga magoti mbele ya fremu ya kochi, nyundo mkononi, misumari midogo imepangwa mdomoni. Ukimsemesha wakati huo anakujibu kwa nyusi tu, na nyusi zenyewe hazina salamu.

Baba yake ni kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alikuwa kibarua pale kiwanjani. Njia ile ya ndege aliilima kwa jembe, akaimwagia kokoto, akaishindilia. Halafu kwa miaka ishirini akawa ndiye anayesimama mbele ya ndege na vibao viwili, anazionyesha pa kuegesha, bila hata pamba masikioni. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata. Ndiye mtu pekee mtaani anayeendelea kuzungumza ndege ikipita, maana haisikii. Wenzake huona midomo inacheza, wanacheka, wanamwomba arudie.

Basi ikaja habari ya kurefusha njia ya ndege. Nyumba nane za mwanzo zilipigwa alama nyekundu ya X. Ya Mama Springi walimpigia mlangoni, juu ya rangi ya kijani aliyoipaka kwa mkono wake wiki mbili tu kabla. Wakatangaza kutakuwa na mkutano wa kuwasikiliza wananchi. Kuwasikiliza! Makubwa haya.

Mkutano ulifanyika kando ya uzio, chini ya turubai. Afisa aliyetumwa kuwasikiliza alikuwa kijana wa tai nyembamba, wakambatiza Bwana Tai papo hapo. Aliongea saa nzima kuhusu maendeleo, akatazama saa yake, akanyamaza kidogo kama anayemeza mate. Ndege ya saa nne ilipokuwa inashuka, ndipo akasogeza kipaza sauti mdomoni na kuuliza alichouliza. Mtaa mzima ukafunga mdomo. Ni mazoea, jamani, miaka thelathini ya mazoea. Hata watoto wachanga wa pale husitisha kilio. Ndege ilipotulia, Bwana Tai alikuwa ameshashukuru kwa ushirikiano na viti vinakunjwa.

Mtu mmoja tu alisimama ndege ikiwa bado inapita: baba yake Mama Springi. Alisimama, akatikisa fimbo, akasema maneno yake yote mpaka mwisho. Na Mama Springi, kwa mazoea hayohayo, alimvuta shati akisubiri ndege ipite. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alimkalisha baba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki mbili baadaye muhtasari wa mkutano ulibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Akausoma na misumari mdomoni. "Wananchi waliulizwa kama wana pingamizi. Hakuna aliyepinga. Mzee mmoja alisimama akatoa shukrani." Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, pameandikwa kwamba likiwepo pingamizi hata moja lililoandikwa, shauri zima litarudi barazani kuanza upya.

Alitema misumari yote mkononi. "Shukrani," akasema. "Washenzi hawa."

Hakumwambia baba yake. Angemwambiaje?

Jumanne Bwana Tai akaja na fomu za kukubali tathmini ya nyumba. Kila mlango aliobisha aliambiwa aanze kwa Mama Springi. Akaingia karakana saa nne kasoro dakika tano, mkoba kwapani.

"Karibu ukae," akasema Mama Springi, akamwonyesha kiti cha baba yake, kile alichokuwa amekitoa springi zote asubuhi hiyo ili akisuke upya. Bwana Tai alikaa, akazama mpaka magoti yakamfikia kidevuni.

"Mama, saini tu hapa. Nina nyumba saba nyingine."

"Ngoja shahidi." Akamwita kinyozi wa nyumba ya pili, akaja na kitana bado mkononi. Mzee alikuwa kwenye benchi lake pembeni, anachambua misumari iliyopinda.

Ndege ikaja. Bwana Tai akatumbukiza vidole masikioni, akafumba macho. Mama Springi akamwinamia, akasema kitu polepole, midomo wazi kabisa. Kisha akasimama wima kungoja. Ilipopita, akageuza fomu, akaandika nyuma yake huku akisoma kwa sauti:

"Afisa aliulizwa kama yeye na wenzake ni wezi. Hakuwa na pingamizi. Kinyozi, weka saini."

"Wee mama! Mimi sikusikia swali! Ndege ilikuwa inapita!"

Kinyozi akainama kuficha meno.

"Ehee," akasema Mama Springi. "Sema tena taratibu, kinyozi aandike na hilo."

Bwana Tai alijaribu kuinuka, kiti kikamrudisha. "Hiyo karatasi haina maana yoyote."

"Tuichane basi, pamoja na muhtasari wako." Mlangoni majirani walishajaa, hakuna aliyekuwa anatabasamu. "Kwa Mungu mmoja, mtaa huu hausaini hata barua ya harusi mpaka uandike alichosema baba yangu. Ulikuja kusikiliza. Sikiliza."

Bwana Tai aliwatazama wale watu mlangoni. Akafungua mkoba, akatoa muhtasari, akakata ule mstari wa shukrani. Jasho lilikuwa limemfika kwenye tai.

Mama Springi akachukua chaki yake ya kukatia vitambaa, akaandika juu ya ubao wa kochi: WANASEMA ULIWASHUKURU. Mzee alisoma herufi moja moja. Alipomaliza alimtazama binti yake kwanza, wala si afisa, na binti akaangalia chini.

"Mimi?" Sauti ya kiziwi haina kipimo, ilitikisa madirisha. "Nimshukuru nani mimi? Kwa lipi?"

Akaanza kusema. Ila ndege nyingine ilikuwa inaondoka, na midomo ya mzee ikacheza bila sauti kama siku zote. Bwana Tai aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Hakuziba masikio. Alinyamaza, akangoja, sawasawa na mtu wa mtaa ule.

"Naomba arudie," akasema ilipopita.

Mama Springi akaandika: RUDIA. Mzee akarudia, na Bwana Tai akaandika neno kwa neno: "Njia hiyo niliilima mimi. Masikio yangu mmeshachukua, yote mawili. Nyumba siwapi."

Afisa akaweka saini na tarehe. Kinyozi akapiga picha kwa simu yake, mara mbili, asije akaambiwa ya kwanza haikutoka. Bwana Tai akasukuma mbele fomu ya tathmini.

"Haya mama, nimetimiza. Saini sasa."

"Nani kakwambia nitasaini? Pingamizi limeandikwa, shauri limerudi barazani. Soma maandishi madogo, uliyaweka mwenyewe."

Mzee alimgusa bega binti yake. "Ameandika?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Yote?"

Akaitikia tena, na machozi yakamtoka mbele ya watu, yeye ambaye hakulia hata siku ya mumewe. "Nisamehe, baba," akasema, akijua hasikiki. Hilo hakuliandika ubaoni.

Mzee alimtazama midomo, akampigapiga mkono, kisha akamgeukia afisa aliyezama mpaka kidevuni.

"Basi atoke kwenye kiti changu."