Chai Chungu Kutoka Pazhou Hadi Xiaogang

Wazo lilikuwa la Respicius, na Respicius alikuwa na bia kichwani. Alikuwa ameona kwenye simu kundi la marafiki wakipanda treni ya chini ya ardhi: kila stesheni wanashuka, wanaingia baa, glasi moja, wanapanda tena. Mhaya huyu, anayesafirisha mizigo ya Watanzania kutoka Guangzhou, akalileta jambo lake mezani kwenye mgahawa wa mtaa wa Guangyuan Xilu huku uso ukimng'aa.

Bi Shamsia akamtazama juu mpaka chini. "Kaka Respi, mimi na bia wapi na wapi?"

"Basi chai chungu," Respicius akarudi nyuma haraka. "Ile ya mitishamba, ya maduka ya Wachina. Vikombe vinane, stesheni nane, Pazhou mpaka Xiaogang."

Yangeishia kwenye kicheko, lakini wiki ile Bi Shamsia hakuwa na kicheko. Mwanamke huyu wa Tanga ana miaka kumi na tano Guangzhou, na kazi yake ni kuwatembeza wanunuzi. Kwa miaka tisa, kila Oktoba, amewapokea akina mama thelathini wa Kariakoo wanaokuja kwenye maonyesho ya Pazhou. Anawasemea kwa wenye viwanda, anawatafutia nyama halali, akiugua mtu anamkorogea uji. Kusoma Kichina hajui hata herufi moja. Kusema anasema, Kichina cha sokoni, alichookota kwa wenye maduka ya jumla na kwa mafundi cherehani wa Kangle. Sasa Clementina, katibu wa kikundi, alikuwa ametuma ujumbe: "Da Shamsia tunakupenda, ila mwaka huu tunataka mkalimani mwenye cheti. Respicius atatuchagulia."

Mwenye cheti alikuwa pale pale mezani. Khalid, mwanafunzi kutoka Unguja, anasomea udaktari wa falsafa na anasema Kichina kama msoma habari. Kijana mpole, ukimwona tu anakwambia shikamoo. Hilo ndilo lililomuuma Bi Shamsia zaidi: hata kumchukia hawezi.

Respicius akagonga meza. "Basi mashindano yaamue! Simu zote kwangu. Hakuna kuandika, hakuna kuonyesha kwa kidole, ni mdomo tu. Kila stesheni kikombe kimoja, mpaka tone la mwisho. Saa nane mchana tumemaliza. Mshindi anawachukua akina mama."

"Na tukitoka sare?" aliuliza Khalid.

Respicius akajikuna kidevu, akamkwepa Bi Shamsia kwa macho. "Sare... Clementina ameshasema moyo wake uko wapi."

Maana yake sare ni yake Khalid. "Bismillahi," akasema Bi Shamsia. "Tukutane Pazhou."

Jumamosi ile jua lilikuwa kali. Kikombe cha kwanza, jamani, chungu kama shubiri! Khalid alifumba macho. Bi Shamsia alikunywa mkono mmoja kiunoni, kama anamwambia mtu wende huko. Xingangdong, Modiesha, Chigang. Kila duka Khalid alipofungua mdomo wauzaji waliacha kazi kumsikiliza, wakamsifu, wakamwongezea. Bi Shamsia hakusifiwa na mtu, ila kikombe alipata. Kecun, Respicius akaonja funda moja akaapa kwamba kwao Bukoba hata ng'ombe hapewi dawa ile.

Walipotoka nje ya stesheni ya Lujiang, mafundi wawili wa Kangle waliokuwa wakisukuma marobota ya vitambaa wakapiga kelele, "Laoban!" Bosi! Walikuwa wanamwita Bi Shamsia. Akawapungia, akaingia dukani kichwa juu. Zhongda napo hakuanguka mtu. Saba kwa saba.

Xiaogang walifika saa nane kasoro robo. Duka lilikuwa moja tu, ndani ya kichochoro, na bibi mmoja wa Kichina alikuwa anasugua masufuria. Zamu ya kutangulia ilikuwa ya Khalid. Akaingia, akainamisha kichwa, akaomba kwa lugha tamu. Akarudi mikono mitupu.

"Meiyou," akasema. Hakuna. "Joto limemaliza chai yote. Sufuria jipya mpaka saa kumi. Nimeomba mara mbili, kwa adabu. Basi, sare."

"Sare, ng'o!" Bi Shamsia akampita.

"Meiyou," bibi akamwambia naye, hata bila kugeuka.

Eti meiyou! Ameambiwa meiyou ngapi, mwanamke huyu? Ameambiwa meiyou ya suruali nyeusi, na suruali zimejaa nyuma ya pazia. Ameambiwa meiyou ya nafasi ya mzigo, na mzigo ukaondoka siku ile ile. Ingekuwa kila meiyou inamrudisha nyumbani, angekuwa Tanga zamani, anauza vitumbua. Akavuta kigoda kifupi, akakaa, akashusha pumzi ndefu, akaanza kujikanda magoti.

"Laoban, hapa una miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Mimi kumi na tano Guangyuan Xilu. Kutembea tu, kutwa. Magoti yamekwisha."

Bibi akageuka. Akamtazama miguu. Akafuta mikono, akainama, akambonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo likabaki. "Unyevu!" akafoka. "Mwili wako umejaa unyevu! Nani anakutunza?"

"Nani anitunze, laoban? Mimi ndiye ninayetunza watu. Thelathini wanakuja Oktoba."

Bibi akasonya, ule msonyo wa mama kwa mama. Akapiga goti, akaingiza mkono chini ya kaunta, akatoa chupa yake mwenyewe ya chai, chakula chake cha mchana kikiwa pembeni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na leo aliyeinama alikuwa mwenye duka. Akajaza kikombe.

Kilikuwa kichungu kuliko vyote saba. Bi Shamsia alikimaliza amesimama mlangoni, Respicius akiwa ameshika saa, dakika tatu kabla ya saa nane. Bibi akamtilia zabibu kavu mkononi kukata uchungu.

"Lakini alisema hakuna!" Khalid alishangaa.

"Alisema kweli, mwanangu. Ya kuuza hakuna."

Respicius akampigia Clementina papo hapo, sauti ikafunguliwa wote wasikie. Kariakoo ilikuwa saa tatu asubuhi, akina mama ndiyo wanafungua maduka.

"Haya, nani mkalimani?" aliuliza Clementina. "Mwenye cheti?"

"Cheti anacho Khalid," alisema Respicius. "Chai amepata Shamsia."

"Clementina," Bi Shamsia akaipokea simu, "waambie waje na viatu vya chini."

Nyuma ya Clementina mtu akapaza sauti, "Da Shamsia huyo! Ndiye yeye anatupokea?" Clementina hakuwahi hata kujibu. Vigelegele vikapasuka, cha kwanza, cha pili, vikajaa kichochoro chote cha Xiaogang, mpaka bibi wa chai akatoka na sufuria mkononi kuuliza nani anaolewa.

"Mimi, laoban," alisema Bi Shamsia, machozi yakimtoka. "Mimi."